Mwenyeji Wako Ni Nani?

Kwanza ondoeni fikra kwamba mkalimani ni mtu anayejua lugha nyingi. Kasongo ya wakati wa Wabelgiji ilijaa watu wa lugha nyingi. Muuza chumvi sokoni alijua Kizimba, Kibangubangu, Kiswahili na Kifaransa cha kuhesabia, na hakuna aliyempa kofia ya serikali. Mkalimani ni mtu anayejua kusimama. Nasema kusimama kwa miguu, saa nne jua likiwaka, katikati ya watu wawili waliokasirikiana, bila kuegemea meza, bila kujikuna na bila kucheka. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi katika ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, na magoti haya mnayoyasikia yakilia ninapoinuka ndiyo niliyotoka nayo.

Nimeona niwaeleze habari hii kwa sababu ya makelele yenu ya juzi. Mlikaa hapa uani mkabishana kuhusu wale wageni wanaokuja kuchimba madini: wakae, warudi kwao, waruhusiwe kuoa, wasiruhusiwe kulima. Mlibishana mpaka mboga ya sombe ikaungulia chunguni. Mimi nilikuwa ndani nimejilaza, nikacheka peke yangu. Hoja zenu zote nilikwisha kuzibeba mdomoni, za upande huu na za upande ule, kabla baba zenu hawajazaliwa. Moja niliibeba vibaya, na nusura imtenge mtu na mke wake.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Amisi, mkalimani aliyenitangulia. Alitoka katika zile familia za Waislamu wa mjini waliotoka pwani zamani, kanzu safi siku zote, na alikuwa na kikohozi alichokitumia kazini: akihitaji muda wa kufikiri, anakohoa. Mimi nilitoka shule ya mapadri, najua Kifaransa cha sala na cha hesabu, najiona msomi. Mzee Amisi alinionya nisiseme "yeye anasema hivi na hivi", bali niseme "mimi", kama mwenye maneno, ili wanaogombana waongee wao kwa wao na si na mimi. Basi siku yangu ya kwanza akaja sultani mmoja kulalamika juu ya ugomvi wa nyumbani kwake. Nikasimama wima, rozari shingoni, nikamwambia Mbelgiji kwa sauti kubwa: wake zangu wanne hawanipi usingizi. Padri aliyekuwa amekuja ofisini kuomba mabati aligeuka akanitazama kwa muda mrefu sana.

"Ulisema muzuri," Mzee Amisi aliniambia tulipotoka. "Lakini siku ya kazi, rozari uingize ndani ya shati."

Alinifundisha mengi ya namna hiyo, na hayapatikani katika kitabu chochote. Kula kabla ya baraza, lakini usile maharage. Usisimame nyuma ya mzungu, watu watadhani uko upande wake. Usisimame karibu mno na watu, mzungu atadhani wamekuhonga. Tafuta mahali ambapo pande zote mbili zinauona uso wako. Hasira usiitafsiri, kila mtu ana macho ya kuiona. Tusi lakini litafsiri, taratibu, kwa sauti ya kawaida, maana ukianza kufuta tusi moja leo, kesho utafuta la pili, na mwishowe hakuna atakayejua ameambiwa nini. Hilo la tusi lilinigharimu jasho jingi, na nitawaeleza.

Siku zile hukutoka kwenu bila mkanda. Mkanda ndilo jina tulilolipa karatasi yoyote ya serikali. Ukitaka kutoka Wamaza, huko Kabambare, uje kukaa Kasongo, safari ambayo ninyi mnaimaliza kwa pikipiki mkilalamikia matope, ulihitaji mkanda uliogongwa muhuri. Ulisema unakwenda wapi, kwa kazi gani na mpaka lini. Kiwanda cha kuchambua pamba kilipojengwa hapa, kampuni iliomba watu, serikali ikawatoa Kabambare kwa mkataba wa miaka mitatu. Mkataba ukiisha mtu arudi kwao, aje mwingine. Kwenye karatasi mpango ulipendeza.

Shida ni kwamba miaka mitatu ni mingi. Katika miaka mitatu mtu anajifunza mashine, anajua ni mama gani sokoni anauza samaki wa Nyangwe wasiooza, anapata rafiki, anapata mchumba. Meneja wa kiwanda naye hakupenda kumpoteza fundi aliyekwisha kujua kazi na kuletewa mwingine wa kutia vidole kwenye meno ya mashine. Kwa hiyo mikataba iliongezwa kimyakimya, miaka mitatu juu ya mitatu, na wageni wakawa na nyumba, wake na watoto. Siku moja ikaja barua kutoka juu: kila teritwari itoe maoni, je, watu waliomaliza mkataba warudishwe kwao wote, au waachwe wakae?

Bwana mkubwa wetu wakati huo alikuwa mgeni. Alihamishwa kutoka kazi ya huko chini ya mto, alijua Kilingala na Kifaransa, Kiswahili hakukijua. Watu walimwita Bwana Ngojangoja kwa sababu kabla ya kujibu lolote aliinua kidole kimoja, akakiacha hewani. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kusikiliza, na hilo lilinichosha mimi, maana kila alichotaka kukisikia kilipita kwangu. Alifungua baraza mbele ya ofisi, akawaita wote wenye neno.

Walikuwa nalo. Mjumbe wa sultani wa Wamaza alisema: "Mulituazima watu, murudishe watu. Huku kwetu pamba tunalimishwa, barabara tunalima, na magogo ya daraja sasa wanabeba wanawake." Meneja wa kiwanda alitaka wageni wakae, lakini kambini, bila wake, bila watoto, bila mashamba. Padri aliposikia "bila wake" akawa mwekundu mpaka masikioni, na hotuba yake niliitafsiri kwa robo saa nzima. Mwenye duka mmoja wa mjini alisema wageni wananunua kitambaa kuliko wenyeji, basi kuna shida gani. Kila aliyemaliza kusema alipigiwa makofi na watu walewale.

Kisha akasimama Mzee Kitenge. Huyu alikuwa mkubwa wa ukoo wenye ardhi ya mtaa ule wa karibu na kiwanda, mtu mfupi, mwenye sauti inayofika mbali.

"Mugeni nilimupa mahali ya kulima mihogo," alisema. "Mihogo inaisha, mutu anaenda. Sasa huyu Kalonda amepanda muchikichi. Tatu, nyuma ya nyumba. Muchikichi haiendi."

Wazee wote wakaguna, na ninyi mnajua kwa nini, hata kama siku hizi hamjali. Mgeni hulima vya msimu. Mchikichi unazaa mpaka wajukuu, na mwenye kuupanda ndiye mwenye kusema: hapa ni pangu. Ilibidi nimweleze Bwana Ngojangoja mara tatu ndipo akaelewa kwamba watu wanagombana juu ya miti mitatu iliyofika gotini.

Msimwone Mzee Kitenge mtu wa roho mbaya. Kiwanda kilijengwa kwenye ardhi yake, hakuulizwa. Misheni ilichukua upande wa kilima, hakuulizwa. Barabara ilipita katikati ya makaburi ya wazee wake. Hakuweza kumwambia yeyote kati ya hao aondoke. Kalonda peke yake ndiye aliyekuwa mnyonge kuliko yeye, na uchungu wote wa miaka ile ukamwangukia Kalonda.

Na Kalonda mwenyewe alikuwa mtu wa Wamaza, mrefu, mpole, fundi wa mashine ya kuchambua pamba. Alijua kwa kusikiliza tu kama jino limelegea. Alioa hapahapa, msichana wa Kasongo anayeitwa Feza, wakazaa binti. Mama yake Feza hakuweza tena kutembea, na Feza hakuwa na ndugu wa kumwachia. Mkataba wa pili wa Kalonda ulikuwa unaisha. Akirudishwa Wamaza, Feza hawezi kumfuata, na yeye hawezi kurudi bila mkanda mpya, na mikanda mipya ilikuwa imesimamishwa mpaka maoni yakamilike. Kwa hiyo lililokuwa mezani siku ile, chini ya hotuba zote zile, ni kama mtu huyu atalala na mke wake na mtoto wake au hatalala nao. Bwana Ngojangoja akaamua kuanza na yeye, awe mfano.

"Muulize," aliniambia, "anataka kukaa au anataka kurudi kwao?"

Nikamuuliza. Kalonda akainamisha kichwa. Nikarudia swali kwa Kibangubangu, nikidhani amenisikia vibaya. Akatazama vidole vya miguu yake. Siku ile nilikuwa nimevaa viatu vipya, nilivinunua kwa mwenye duka yuleyule, navyo vilikuwa vinanitafuna visigino tangu asubuhi. Nilitaka baraza liishe nikavivue. Bwana alinitazama, kidole kiko hewani, anangoja.

"Hana la kusema, bwana," nikasema.

Kidole kikashuka, kalamu ikaandika: hapingi kurudishwa. Apewe siku kumi. Feza alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Hakulia. Alikaa chini palepale kwenye mchanga, na wanawake wawili wakamzunguka. Mimi nikaona aibu, tena bila kujua kosa langu liko wapi.

Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Amisi. Alikuwa amekwisha kustaafu, anakunywa kahawa kibarazani kwake. Nikamsimulia yote. Akakohoa. Nilijua nimekwisha.

"Kalonda alisema nini?" akauliza.

"Hakusema kitu. Alinyamaza."

"Na weye ulitafsiri nini?"

"Kwamba hana la kusema."

"Ulitafsiri vibaya," alisema. "Mugeni hafungui kinywa juu ya udongo mbele ya wenye udongo. Mwenyeji wake ndiye anasema. Angejibu pale, Kitenge angesema: mumuone, hata adabu haiko naye, na kesi ingekwisha palepale. Kile kimya kilikuwa kinasema: muite mwenyeji wangu. Weye ni mutoto wa hapa. Haukujua?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Bibi yangu alinifundisha nikiwa mdogo kuliko meza. Lakini nilidhani mbele ya ofisi ya Bulamatari, serikali ya wazungu, chini ya bendera, mambo ya bibi yanabaki nje ya uzio. Nilijua Kifaransa chote cha "ndiyo" na "hapana", nikasahau kwamba yule aliyesimama mbele yangu alitoka katika nyumba za watu.

Ili nipumue kidogo nikamchokoza. "Na babu yako, Mzee, alipofika hapa na msafara wake, alikuwa na mwenyeji?"

"Alikuwa na bunduki," alisema, akapuliza kahawa yake. "Ndiyo maana miye ndiye wa kwanza kusalimia kila mutu, hata watoto. Sasa enda. Mwenyeji wa Kalonda ni nani?"

"Sijui."

"Basi ulikuwa unasimama pale kufanya nini?"

Kesho yake nilimngoja Kalonda kwenye mlango wa kiwanda. Alitoka na pamba kwenye nywele na kwenye nyusi, amezeeka kwa siku moja. Nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza tangu mwanzo: siku ya kwanza ulipofika Kasongo, nani alikupa maji? Akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akasema alifika kabla kambi haijajengwa, ana homa kali, akalala wiki mbili jikoni kwa Mama Bitondo.

"Kwa nini haukusema?"

"Sikutaka kumugombanisha na ndugu yake."

Mama Bitondo, mkamuaji wa mawese, mwanamke ambaye soko zima lilimpisha njia, alikuwa dada mkubwa wa Mzee Kitenge.

Nilimkuta akitwanga chikichi kwenye kinu, mikono imekuwa myekundu hadi viwiko. Alinisikiliza bila kuacha kutwanga. Nilipofika kwenye kimya cha Kalonda, mchi ukasimama.

"Mutoto wangu alinyamaza akiningoja miye," alisema, "na miye nilikuwa hapa natwanga. Na wanaume wangapi wananiita kwenye baraza? Hakuna." Akafuta mikono kwenye majani. "Na habari ya kunigombanisha na Kitenge, umuambie asijisumbue. Tunagombana tangu nilipokuwa namubeba mugongoni. Nitakuja. Lakini weye uende kwanza kwa bwana yako umuambie ulikosea."

Vijana, kuna kazi ngumu duniani, na mojawapo ni kumwambia mkubwa wako kwamba maneno aliyoyaandika kwa wino wake si ya kweli, na kwamba ni wewe uliyemwambia. Nilijizoeza njiani kwa Kifaransa. Nilipoingia ofisini Kifaransa kilikimbia chote, nikabaki na kile cha sala: nimekosa, nimekosa, nimekosa sana. Bwana Ngojangoja akainua kidole, akakiweka hewani muda mrefu kuliko siku zote.

"Kwa hiyo mtu huyu hakukubali kurudi?"

"Hakujibu bado, bwana. Anayemjibia hakuitwa."

"Na wewe ulijua desturi hii?"

Ningeweza kusema sikuijua. Nikasema niliijua, nikaeleza na habari ya viatu. Alitazama miguu yangu, nilikuwa nimevaa vile vya zamani vilivyotoboka. Akasema ataita baraza tena siku ya tatu. Mwenyeji huyo asipotokea, au akitokea na upuuzi, nitakwenda Kabambare kusimamia magogo ya daraja kwa mwaka mzima. Nikashukuru, nikatoka, nikakumbuka kwamba mwenyeji huyo ni Mama Bitondo.

Alitokea. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, mkononi kibuyu cha maji, akapita katikati ya wazee mpaka mbele. Mzee Kitenge akaruka kitini.

"Hapa ni baraza ya udongo. Mwanamuke hasemi neno la udongo."

"Sisemi neno la udongo," alijibu Mama Bitondo. "Nasema neno la mugeni wangu. Alilala jikoni kwangu, haiko kwako. Kwako kulikuwa kumefungwa."

Nikatafsiri. Bwana Ngojangoja, ambaye alipenda mambo yawe na karatasi, akauliza mama huyu anasimama hapa kwa haki gani, na kama ana barua yoyote inayomruhusu kumsemea mfanyakazi wa kampuni. Nikalitoa swali kwa Kiswahili. Mama Bitondo akamtazama bwana mkubwa kuanzia kofia hadi buti, polepole, kama anayekagua ndizi kabla ya kununua.

"Kila mugeni iko na mwenyeji," alisema. "Haki yangu ni hiyo tu. Na yeye ni mugeni, naona. Muulize: mwenyeji wako ni nani?"

Hapo ndipo penye jasho nililowaahidi. Uwanja ulikuwa umejaa, na nusu ya watu wale walingojea kwa hamu waone kama nitalikwepa tusi lile. Nilikohoa. Nilikohoa tena, mpaka Mzee Amisi, aliyekuwa ameketi mwisho kabisa, akaanza kutabasamu. Kisha nikatafsiri, taratibu, kwa sauti ya kawaida, neno kwa neno: bwana, mwenyeji wako ni nani?

Kidole kilianza kupanda. Kikafika usawa wa kifua, kikasita, kikashuka. Yeye naye alikuja kwa mkataba wa miaka mitatu, kama wenzake wote, na baada ya hapo ni likizo kwao na kupangiwa kwingine. Akainamisha kichwa akazitazama karatasi zake. Uwanja mzima ulikitazama kimya kile, na kila mmoja alijua kinafanana na nini.

"Adabu iko naye," alisema mtu mmoja nyuma, kwa sauti ya chini. Hilo sikulitafsiri, maana hakuniambia mimi.

Baada ya muda Bwana Ngojangoja akasema, bila kuinua uso: "Aendelee."

Mama Bitondo akaendelea. Alimgeukia ndugu yake, na sauti yake ikapungua, ikawa ya nyumbani. "Ile muchikichi tatu, mbegu nilimupa miye. Nilimutuma apande, mugongo wangu hautaki tena kuinama. Kitu mugeni anapanda kwa mukono wa mwenyeji ni ya mwenyeji. Ya kwangu ni ya ukoo, na mukubwa wa ukoo ni weye. Sasa udongo yako, nani alikukamatia?"

"Haukuniambia," alisema Mzee Kitenge.

"Haukuniuliza. Ulikwenda kuwauliza watu wa ofisi."

Mzee Kitenge alipozungumza tena hakuwa anapiga kelele, na mimi nilihisi kwamba sasa ndipo anasema linalomuuma. "Kesho atakuja mwingine, dada. Na kesho kutwa mwingine, na mashini yao, na barabara yao. Nitajibu nini?"

"Kila mumoja umuulize alilala kwa nani. Asiyekuwa na mutu wa kumusemea, umukatalie, nami nitasimama na weye. Lakini huyu iko na mutu."

Akamwita Kalonda. Wale waliolelewa vijijini walijua kinachofuata, wakasimama. Mwenyeji akitaka mgeni wake asiwe mgeni tena, humnywesha maji kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wenye ardhi, na tangu hapo mtu huyo hana wa kumsemea, anajisemea. Kalonda alipiga magoti kwa sababu ya urefu wake. Mama Bitondo akamnywesha kutoka kwenye kibuyu, maji mengine yakamwagika kifuani.

"Basi. Tangu leo jisemee."

Bwana Ngojangoja akaniambia nimuulize tena lile swali la kwanza. Sikuwahi kufika kwenye swali. Kalonda alisimama, akafuta mdomo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa Kifaransa kizuri cha shukrani, maana nani asingeshukuru. Feza alikuwa ameshika kanga yake kwa meno. Kalonda hakumtazama bwana mkubwa kabisa. Alimgeukia Mzee Kitenge.

"Muzee," alisema, "mbuzi zako zinakula mihogo yangu. Mwaka wa sita sasa. Uzifunge."

Miaka sita aliwafukuza mbuzi wale kwa mkono, akapanda upya, akamsalimia mwenye mbuzi asubuhi na jioni, hakusema neno. Mzee Kitenge alimkodolea macho.

"Zinakula ya kila mutu," alisema.

"Ya kila mutu watasema wenyewe. Miye nasema ya kwangu."

"Weka ua."

"Niliweka ua. Zinaruka."

Mama Bitondo ndiye aliyeanza kucheka, kisha wazee, kisha uwanja mzima. Bwana Ngojangoja aliniuliza kama mtu huyu anashukuru. Nikamwambia hapana, bwana, hashukuru, anamgombeza mzee kwa ajili ya mbuzi. Mzee Kitenge alikuwa bado hajacheka. Alikung'uta kofia yake kwenye goti, akaivaa, akaniambia nimtafsirie vizuri.

"Muambie bwana aandike mukanda. Mugeni hawezi kunituma nifunge mbuzi. Huyu ni jirani."

Mkanda ule niliuandika kwa mkono wangu. Kwenye nafasi ya "mpaka lini" bwana alisema nipige mstari, nikapiga mstari, ulionyooka kuliko yote niliyowahi kuipiga. Feza aliuchukua, akaukunja mara nne akauingiza kifuani, na Kalonda hakuruhusiwa kuushika. Maoni ya teritwari yalikwenda juu: waliomaliza mkataba na wana mwenyeji wa kuwasemea waachwe wakae. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi, kwamba swali hili litazamwe upya. Wakati huo Bwana Ngojangoja alikuwa amekwenda likizo, na yule aliyekuja baada yake alijua Kiswahili, hakuhitaji mkalimani, wala hakusikiliza sana.

Kwa hiyo mkibishana tena, hamna haja ya kuunguza sombe. Nendeni kwa huyo mgeni mnayemgombania, mumuulize alipofika alilala jikoni kwa nani, kisha mwiteni huyo.

Mbuzi hawakufungwa. Kalonda na Mzee Kitenge waligombana juu ya mbuzi wale mwaka hadi mwaka, kwa sauti kubwa, kuvuka ua, mpaka watu wa mtaani wakazoea kuamshwa nao. Asubuhi moja kelele hazikusikika. Tulipofika kwa Mzee Kitenge, wanawe walikuwa bado wamekaa chini wanalia, na nyuma ya nyumba Kalonda alikuwa amekwisha kulichimba kaburi mpaka kiunoni.